Kufunga Manifoldi ya Hewa kwenye Toyota ya 1ZZ: Mwongozo Kamili kwa Mwenye Gari na Fundi Chipukizi

Asubuhi za Juni Njombe zina baridi ya kuuma vidole. Nilikuwa nikipiga stata, Allion yangu ya 1.8 inaitika mara moja, halafu inaanza kutetemeka kama mtoto aliyeogeshwa maji ya baridi. Baada ya dakika tano au sita inatulia, na ukiipanda muda huo huwezi kuamini ndiyo ile ile. Nikishuka nayo Dar, wiki nzima haina neno.

Fundi wa kwanza alisema plagi, nikanunua nne. Wa pili akasema koili, nikanunua mbili, kisha mbili nyingine. Wa tatu alikaribia ukweli. Alisikia mluzi mwembamba kwenye manifoldi, akachukua silikoni nyekundu akaipaka kwa nje kuzunguka maungio, bila kulegeza hata nati moja. Gari likapona siku tatu. Kumbe kilichokufa ni gasketi ya manifoldi, kipande cha mpira ambacho bei yake haifiki ya koili moja. Ndipo nilipoamua kushika spana mwenyewe.

Mwongozo huu ni wa injini ya 1ZZ-FE, ile ya cc 1794 iliyomo kwenye Allion na Premio za 1.8, Corolla na Fielder za 1.8, Wish ya 1.8, Spacio ya 1.8 na Opa. Nimeichagua kwa sababu ndiyo niliyoifungua kwa mikono yangu, na pia manifoldi yake imekaa mbele, upande wa rejeta, mahali mkono unafika. Ukishaielewa hii, nyingine utazifungua kwa akili ile ile.

Kwa nini tobo dogo linasumbua injini nzima

Hewa inaingia kwenye eya klina, inapita kwenye sensa ya hewa, inafuata bomba la mpira lenye mikunjo, inafika kwenye throto (mlango unaofunguka ukikanyaga mafuta), kisha inaingia kwenye manifoldi ambayo inaigawa njia nne, kila silinda na yake. Kazi ya manifoldi ni hiyo tu: kugawa hewa iliyokwisha kuhesabiwa.

Neno la kushika hapo ni kuhesabiwa. Sensa ya hewa ni konda aliyesimama mlangoni mwa daladala. Anamwambia dereva wamepanda wangapi, na kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, inamwaga petroli kwa hesabu hiyo, kama sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu 1 ya mafuta kwa uzito. Gasketi ikikauka, hewa inaingia baada ya sensa, yaani abiria wanapandia dirishani. Konda hajawaona. Mafuta yanakuja pungufu, silinda iliyo karibu na tobo inapiga misi, yaani inaruka zamu ya kuwaka, na gari linatetemeka.

Linatetemeka zaidi likiwa kwenye sailensi, injini inazunguka bila kukanyagwa mafuta. Wakati huo throto imefungwa karibu yote, mvuto ndani ya manifoldi ni mkali, na hewa ya dirishani inakuwa sehemu kubwa ya hewa yote. Ukiwa kasi ya 80 barabarani, tobo lile lile halionekani, maana hewa ya mlangoni ni nyingi mno.

Na baridi? Manifoldi ya 1ZZ za miaka hiyo mara nyingi ni ya plastiki ngumu, hedi (kichwa cha injini ambacho manifoldi imefungwa) ni aluminiamu, na katikati kuna mpira ambao kwa miaka mingi umegandamizwa ukalala. Injini ikiwa baridi kila kimoja kinajikunja kwa kiasi chake, na mpira mkavu hauna tena nguvu ya kuziba mwanya. Injini ikipata moto mpira unavimba kidogo, mwanya unafungika. Ndiyo maana gari langu lilikuwa zima Dar na gonjwa Njombe.

Usifungue kabla hujathibitisha

Kosa la bei kubwa kwenye kazi hii ni kufungua manifoldi isiyo na hatia. Fanya vipimo vyako asubuhi injini ikiwa baridi, si baada ya kuendesha hadi gereji.

Anza na macho na masikio. Chukua kipande cha mpira kama wa maji, urefu wa mita moja, weka ncha moja sikioni na nyingine ipitishe taratibu kwenye maungio ya manifoldi injini ikiwa kwenye sailensi. Tobo linapiga mluzi au linapumua. Weka ncha mbali na feni na mikanda. Huo mpira ni bure na umenisaidia kuliko vifaa vingi vya kununua.

Kisha chukua chupa ya kupulizia maji, ile ya kupigia pasi, upulize ukungu wa maji kwenye maungio, mlango mmoja baada ya mwingine. Maji yakifika penye tobo yanaliziba kwa sekunde mbili tatu na sailensi inabadilika ukiwa unaisikia. Mafundi wengi wanatumia kabureta klina kwa kazi hii. Inafanya kazi vizuri, lakini ni dawa inayowaka karibu na ekzosi na nyaya za koili. Mimi nimebaki na maji.

Kama taa ya injini imewaka, kodi (namba ya hitilafu) ya kawaida ni P0171, maana yake mchanganyiko una hewa nyingi. Kodi hiyo peke yake haitoshi kuhukumu manifoldi. Mwambie mwenye skana akuonyeshe marekebisho ya mafuta, yaani asilimia ya petroli ambayo kontroli boksi inaongeza au kupunguza. Kwenye sailensi yakiwa juu, tuseme asilimia 20 na zaidi, halafu yakashuka kuelekea sifuri ukishika RPM 2500, hiyo ni hewa ya dirishani. Yakibaki juu au yakipanda kadiri unavyokanyaga, acha manifoldi ipumzike. Tazama sensa ya hewa yenye uchafu, pampu au filta ya petroli. Tahadhari moja: Toyota nyingi za soko la Japani za mwanzoni mwa miaka ya 2000 hazielewani na vile vifaa vidogo vya bei rahisi vya kuunganisha na simu, ingawa soketi chini ya usukani inafanana kabisa. Tafuta skana inayoongea Kitoyota.

Mwenye geji ya mvuto aitumie, ila akumbuke mlima. Injini nzima kule pwani husoma inchi 17 hadi 21 za zebaki kwenye sailensi, na geji hushuka karibu inchi 1 kwa kila mita 300 unazopanda. Njombe, iliyo karibu mita 2000, inchi 12 au 13 ni afya. Nimewahi kumsikia kijana wa gereji akimwambia mteja injini imechoka kwa sababu geji ilisoma 13.

Kabla ya kushtaki gasketi, kagua na ndugu zake: bomba la mpira kati ya sensa na throto (fungua mikunjo yake kwa vidole, nyufa hujificha mle ndani), mpira wa kupumulia wa tapeti kava (kifuniko cha juu ya hedi), na mpira mnene unaokwenda kwenye haidroveki ya breki (chombo kinachosaidia mguu wako kwa mvuto wa manifoldi). Wote wakiwa wazima na mluzi ukabaki pale hedi inapokutana na manifoldi, fungua.

Vitu vya kuwa navyo

Boksi (spana za kuchomeka kwenye racheti) namba 10 na 12 zitafanya karibu kazi yote. Ongeza ekstensheni mbili, fupi na ndefu, racheti, plaizi ya kubania klipu za mipira, bisibisi bapa, tochi ya kichwani, matambara safi ya pamba yasiyotoa nyuzi, na kikwaruzio cha plastiki. Kadi ya simu iliyokwisha muda inafaa.

Nunua gasketi ya manifoldi na gasketi ya throto kwa pamoja. Ni uchoyo usio na maana kufungua throto ukarudisha ya zamani. Ukienda Kariakoo au Gerezani, au Kirinyaga Road kwa walio Nairobi, nenda na namba ya chasisi, si jina la gari tu. "Ya Allion" haitoshi, maana kuna Allion ya 1.5 yenye injini ya 1NZ na gasketi yake ni nyingine kabisa. Ukipewa gasketi, ikunje kidogo. Mpira mzuri unarudi wenyewe. Ukibaki na alama ya kukunjwa, umeuziwa iliyokaa kabatini miaka mingi.

Kama kodi P0325 ya noki sensa (inayosikiliza injini ikigonga) imewahi kuonekana kwenye gari lako, nunua na sensa hiyo pia. Imefungwa kwenye bloku chini ya manifoldi, na siku utakayoifikia kwa raha ndiyo hii.

Kufungua

Injini iwe baridi kabisa, ilale usiku mzima. Throto ya 1ZZ hupitiwa na maji ya rejeta kwa mipira miwili midogo, na maji ya moto hayana huruma na kifua. Piga picha kwa simu kutoka pande nne kabla ya kugusa chochote. Halafu chukua kipande cha boksi la karatasi, uchore manifoldi kwa kalamu, utoboe matundu mahali boliti zilipo. Kila boliti unayoitoa ichomeke kwenye tundu lake. Jioni, ukiwa umechoka, kile kipande cha boksi kitakusomea bila kukudanganya.

Toa waya hasi wa betri. Toa kava la plastiki la juu ya injini, kisha bomba la hewa kuanzia eya klina hadi throto. Ukifungua soketi ya sensa ya hewa, bana ulimi wake kwanza ndipo uvute; usivute kwa waya. Plastiki za soketi zenye miaka ishirini huvunjika kama biskuti, na asubuhi yenye baridi ni mbaya zaidi. Zipashe kwa kitambaa kilicholowa maji ya moto kama zinagoma.

Throto yako huenda ni ya kebo au ya umeme. Ya kebo, zungusha gurudumu dogo kwa mkono, kebo italegea na kichwa chake kitatoka kwenye tundu. Ya umeme, chomoa soketi yake na usisukume ule mlango wa ndani kwa kidole ikiwa umeme upo. Una mota ndogo na meno ya plastiki. Si lazima uitenganishe throto na manifoldi, zinaweza kutoka pamoja, lakini ukiitoa utaisafisha vizuri.

Mipira miwili ya maji: bana kila mmoja kwa plaizi ya kubania yenye midomo laini, weka beseni chini, kisha uichomoe na kuiziba kwa boliti inayolingana na tundu lake. Maji yatakayomwagika ni kidogo. Usitie kifuniko cha rejeta mkono injini ikiwa na moto, hata kama una haraka.

Sasa mipira ya mvuto: wa haidroveki, wa tapeti kava, na wa mvuke wa tanki la petroli. Iwekee alama kwa utepe wa karatasi wenye gundi na kalamu: B, T, P, au herufi zako. Mpira uliogandia usiuvute kwa nguvu za shamba. Uzungushe kwanza hadi uachie. Uliopasuka ncha, kata sentimita moja kama una urefu wa kutosha, la sivyo nunua mwingine.

Hapa 1ZZ inakurahisishia jambo. Nozeli zake zimekaa kwenye hedi yenyewe, si kwenye manifoldi, kwa hiyo reli ya petroli haiguswi. Sogeza tu nyaya zilizoshikizwa kwa klipu na mabano, pamoja na kishikizo cha mrija wa stiki ya oili.

Zimebaki boliti na nati za manifoldi. Yangu ilikuwa na boliti tatu na nati mbili, zote za boksi 12. Zile za chini huzioni. Zinatafutwa kwa vidole kama kuokota shilingi chini ya kitanda. Legeza kuanzia pembeni ukielekea katikati, kila moja robo mzunguko, kisha rudia. Zikishaisha zote, manifoldi itatoka kwa kutikiswa kwa mkono. Ikigoma kuna boliti umeisahau. Usichomeke bisibisi kati ya plastiki na hedi.

Mara tu inapotoka, ziba milango minne ya hedi kwa matambara manne. Manne, na uandike namba hiyo kwenye kile kipande cha boksi. Kuna gari lililoletwa uwanjani kwangu lililowashwa na tambara likiwa ndani. Vali mbili zilishindwa kufunga, na kazi ya asubuhi moja ikageuka kazi ya kushusha hedi.

Kusafisha: hapa ndipo kazi ilipo

Kufungua na kufunga boliti anaweza mtoto wa darasa la saba. Gari litapona au halitaponea kwenye hii saa moja ya kusafisha.

Gasketi yangu ya zamani ilikuwa bado ndani ya mfereji wake kwenye manifoldi. Niliibandua kwa kucha. Ilitoka ikiwa bapa upande mmoja, inang'aa kama mkanda wa suruali wa zamani, na nilipoikunja ilitoa sauti ya kukatika. Pembeni mwa mlango wa silinda ya nne kulikuwa na mstari wa vumbi jekundu la Njombe, mwembamba kama uzi. Vumbi lilikuwa limefuata njia ya hewa. Tazama gasketi yako kabla ya kuitupa. Vumbi likionyesha njia, umepata uthibitisho ambao skana haiwezi kukupa.

Uso wa hedi ni aluminiamu, laini kuliko unavyodhani. Kwaruza kwa kadi ya plastiki, pangusa kwa tambara lenye breki klina, rudia. Kama kuna silikoni ya fundi aliyetangulia, itoe kwa vidole na kadi. Haiyeyuki kwa petroli. Usitumie msasa wala diski ya kusugulia ya kuchomeka kwenye drili. Unga wake ni mgumu, unashuka milangoni, unapita kwenye ringi hadi kwenye oili na mwisho kwenye beringi za krenki. Uso utang'aa, na injini itakufa baada ya miezi.

Pangusa kila mara ukielekea nje, mbali na mlango. Ukimaliza pitisha ncha ya kidole kuzunguka kila mlango. Kidole kinasikia vitu ambavyo jicho halioni.

Manifoldi yenyewe: kutakuwa na oili kidogo ndani. Oili kidogo ni kawaida, inaletwa na mvuke wa tapeti kava. Ikiwa imetuama kama kikombe cha chai, toa vali ya kupumulia iliyo kwenye tapeti kava uitikise. Nzima inagonga ndani, tik tik. Isiyogonga imeziba. Zile 1ZZ za miaka ya mwanzo zilijulikana kwa kula oili kupitia ringi, kwa hiyo ukiona dimbwi na vali ni nzima, maswali yako yanahusu injini. Osha manifoldi kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo, isuuze, iache ikauke juani hadi njia zote ziwe kavu kabisa. Dawa kali zinazoyeyusha rangi usizitie kwenye plastiki.

Halafu tafuta rula ya chuma iliyonyooka, isimamishe kwa ubavu wake juu ya uso wa manifoldi, mulika tochi kwa nyuma. Mwanga ukipenya, pima kwa fila, vile vibapa vyembamba vya kupimia mwanya. Mimi fila ya 0.2 mm ikipita, manifoldi hiyo naiweka pembeni. Plastiki iliyopinda hainyooshwi, na gasketi mpya itaishi muda mfupi tu. Kagua pia nyufa kwenye mashina ya mipira, hasa la haidroveki.

Throto isafishe kwa dawa yake na mswaki laini, pande zote za ule mlango mdogo. Kama unabadilisha noki sensa, ifunge sasa hivi kabla hujasahau.

Kufunga

Gasketi ya mpira inakaa kavu ndani ya mfereji wake. Hakuna silikoni, hakuna grisi, hakuna gundi. Silikoni kwenye gasketi hii inaifanya iteleze ikikazwa, mabaki yake yanakatika na kumezwa na silinda, na mvuke wake unaharibu sensa ya okisijeni kwenye ekzosi. Ukiambiwa na mtu "paka kidogo tu kwa usalama", mshukuru uendelee na kazi yako.

Ibonyeze gasketi mfereji wote hadi ikae bila kuvimba popote. Geuza manifoldi juu chini, gasketi isidondoke. Ikidondoka si yake, au mfereji bado una uchafu.

Toa matambara. Hesabu: moja, mbili, tatu, nne. Mulika ndani ya kila mlango.

Leta manifoldi taratibu kwenye zile stadi mbili (boliti zisizo na kichwa zilizobaki kwenye hedi, zinazoshika zile nati), iende sambamba, isikwaruze gasketi kwenye nyuzi. Chunguza kwa tochi kwamba hakuna waya wala mpira uliobanwa nyuma yake. Mimi mara ya kwanza nilibana waya wa noki sensa nikagundua kazi imeisha. Anza boliti zote kwa vidole, mizunguko mitatu minne, kabla racheti haijagusa chochote. Boliti ambayo vidole haviwezi kuianza inaingia upande. Irudishe nyuma hadi usikie inadondoka kwenye uzi, kisha ianze tena. Nyuzi za aluminiamu zikikatika siku hiyo hiyo unatafuta mtu wa kuchonga.

Kukaza ni kuanzia katikati kwenda nje, kwa hatua tatu. Kwa manifoldi ya plastiki ya gari langu nilikwenda Nm 10, kisha 20, kisha nikaishia 30. Kitabu cha huduma cha mwaka na chasisi yako kikiwa na namba nyingine, fuata kitabu. Manifoldi ya aluminiamu hasa ina namba yake.

Huna spana ya torki? Chukua mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia mizigo. Pima kwenye mpini wa racheti sentimita 25 kutoka katikati ya boliti, weka alama, funga kamba hapo, uvute kwa mizani ukiwa umenyooka pembe mraba na mpini. Kilo 4 ni kama Nm 10, kilo 8 ni 20, kilo 12 ni 30. Si maabara, lakini ni bora mara kumi kuliko "kaza mpaka iseme". Plastiki haisemi, inapasuka, na pete za chuma zilizo kwenye matundu ya boliti zikizama hakuna gasketi itakayoziba.

Yaliyobaki ni kurudi kinyumenyume kwa picha zako. Throto na gasketi yake mpya, mipira ya maji, mipira ya mvuto kwa herufi zake, soketi, kebo, kishikizo cha stiki ya oili, bomba la hewa. Mpira wa haidroveki usukume hadi mwisho na uvute kidogo kuhakikisha umeshika, maana huo ukichomoka hutakosa sailensi tu, utakosa na msaada wa breki.

Kuwasha na kupima

Kipande cha boksi kiwe kitupu. Kama kimebaki na boliti, tafuta kwao kabla ya kurudisha betri.

Rudisha waya hasi, fungua swichi bila kupiga stata, subiri sekunde kumi, kisha washa. Usishtuke sailensi ikipanda na kushuka. Kontroli boksi iliyokatiwa umeme imesahau mahali pa kushika throto, na uchafu iliouzoea umeutoa. Iache iungurume bila kukanyaga, kiyoyozi kimezimwa, hadi feni ya rejeta iwake na kuzima mara mbili. Kisha washa kiyoyozi dakika tano. Ikishapata moto mshale utulie karibu na RPM 700. Muda huo tazama kama kuna maji yanayovuja kwenye throto.

Pima breki kabla ya kutoka uani. Zima injini, kanyaga pedali mara tano hadi iwe ngumu, shikilia, washa injini. Pedali lazima izame kidogo chini ya mguu. Isipozama, mpira wa haidroveki una kasoro.

Pita tena na chupa ya maji kwenye maungio yote. Sailensi isibadilike. Futa kodi, endesha siku mbili tatu, kisha rudi kwa mwenye skana. Marekebisho ya mafuta yakiwa ndani ya asilimia 10 juu au chini, umemaliza. Langu lilisoma 3.

Injini nyingine

Kwenye injini ambazo nozeli zimekaa juu ya manifoldi, petroli ina presha. Chomoa fyuzi au rilei ya pampu, washa hadi injini ijizime yenyewe, ndipo ulegeze reli, na kila nozeli ipate oringi (pete ya mpira) mpya. Injini za V zina manifoldi katikati ya hedi mbili na mpangilio wa kukaza ulio mrefu. Bila kitabu usianze. Zile za gasketi ya karatasi au chuma zinahitaji uso safi zaidi ya hizi za mpira, kwa kuwa hazina unyumbufu wa kusamehe. Na mwenye D4, kama 1AZ-FSE, atakapofungua manifoldi atakuta milango ya hedi ina masizi mazito, kwa sababu petroli yake inamwagwa moja kwa moja ndani ya silinda na haioshi vali. Apange siku ya pili kwa masizi hayo.

Mara ya kwanza itakuchukua nusu siku, ya pili saa mbili. Asubuhi inayofuata, kabla ya kupiga stata, fungua kopo la akiba la rejeta uongeze maji yaliyopungua, kwani hewa iliyokuwa kwenye throto itakuwa imepanda usiku.